Bwana Afya na Usingizi wa Mkwewe

Kwa miaka kumi na miwili Bwana Afya alizunguka vijiji vya ukingo wa pori kwa baiskeli, akifundisha watu kujikinga na magonjwa, kwenye karia kafunga picha kubwa ya mbung'o, nzi wa malale. Watoto walimwigiza: "Huuma mchana! Hupenda rangi ya buluu!" Naye alicheka, maana sifa alizipenda.

Mwaka wa kumi na mbili baba mkwe wake, mrina asali aliyeishi peke yake porini, alikuja kukaa kwao. Alikuja kakonda, kichwa kinamgonga, homa inakuja inaondoka. Bwana Afya akampa dawa za malaria. Homa ilipotulia, akajipongeza. Lakini mzee akaanza vituko. Mchana kutwa anasinzia, usiku yuko macho anazungukazunguka uani. Ukimsemesha, anafoka.

"Baba hakuwa hivi," mkewe alisema. "Tangu nizaliwe hajanifokea."

"Pombe hiyo. Ameificha mahali."

"Umeiona?"

"Si lazima niione."

Jumapili moja mwenyekiti wa kijiji alikuja kula. Mzee akasinzia bakuli likiwa mkononi, mchuzi wote ukammwagikia mgeni magotini. Bwana Afya akasimama.

"Mzee, ukilewa lala huko huko ulikolewea! Unatutia aibu."

Mzee akamtazama kama mtu anayeitwa kwa mbali, akafuta mkono kwenye shati, akajikokota ndani. Mke akamfuata baba yake, wala hakurudi mezani.

Alhamisi yake Bwana Afya alikuwa kijiji cha mtoni, anasomesha watu kama kawaida. Mnyama kama pongo anabeba vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi, na bado anarukaruka kama mzima. Mbung'o anamfyonza, kisha anakwenda kumuuma mkata kuni, au mrina asali.

"Dalili zake," akaendelea, "homa ya kuja na kuondoka. Kichwa. Hasira zisizo na sababu. Kusinzia mchana, kukesha..."

Akaishusha picha ya mbung'o.

"Halafu?" aliuliza mama mmoja aliyekaa mbele.

"Halafu watu wa nyumbani wanasema amelewa."

Wakaangua kicheko, wakidhani ni mzaha.

Kesho yake alimfikisha mzee hospitali. Daktari akapima damu, akapima na maji ya uti wa mgongo. Vimelea vilikuwemo.

"Amekuwa hivi kwa muda gani?"

"Miezi miwili."

"Akikaa wapi?"

"Kwangu."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

Alijibu kwa sauti ndogo hata daktari akamwomba arudie.

Mzee alitibiwa akapona, ila mkono wa kulia ulibaki na mtetemo. Siku aliyoruhusiwa, Bwana Afya alipiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nilikuita mlevi mbele za watu."

"Nilisikia, mkwe wangu. Nilitaka kukujibu, maneno hayakuja." Mzee akamwashiria ainuke. "Lakini binti yangu alikwambia, hukumsikia. Kaanze na yeye."

Alimkuta mkewe anafua, akamwomba radhi. Mke alimsikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya povu, bila kumtazama.

"Mwenyekiti naye umwambie," akasema.

Akaenda. Mwenyekiti alishika kichwa.

"Kumbe ugonjwa! Mbona sisi tumeshamtangaza mlevi kijiji kizima?"

"Ulimwambia nani na nani?"

Mwenyekiti akaanza kuwataja, na orodha ikawa ndefu. Bwana Afya akaaga, akainamisha uso, akaenda kubisha hodi nyumba ya jirani, wa kwanza kutajwa.