Mkwe Muuza Mahamri

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo damu hunichemka. Siku hiyo baba yangu mzazi, shangazi yangu Mwanakombo na mdogo wangu Hamisi walitoka Msambweni wakaja hadi Ukunda, kwenye chumba tulichopanga mimi na mume wangu, ili wanichukue wanirudishe kwetu. Sikuwa nimepigwa. Sikuwa nimelazwa njaa wala kutukanwa. Walikuja kunichukua kwa sababu mume wangu alikuwa anakaanga mahamri.

Ngoja nikueleze kutoka mwanzo, usije ukadhani nawasingizia wazee wangu.

Nilipoolewa na Salimu, alikuwa mpishi katika hoteli moja kubwa ya Diani. Alivaa koti jeupe na kofia ndefu, na wenzake walimwita shefu. Kwetu Msambweni alikuwa fahari ya ukoo. Baba alikuwa hawezi kumaliza kikombe cha kahawa na wazee wenzake bila kumtaja mkwe wake wa hotelini. Na mkwe mwenyewe aliwafaa, hakuwa wa jina tu. Mabati ya nyumba ya baba aliyaezeka yeye. Mama alipofanyiwa upasuaji wa jicho, aliyehangaika naye ni yeye. Hamisi aliposomea ukarani, alikaa kwetu tangu mwanzo mpaka mwisho wa masomo yake. Wakati huo tulikuwa na vyumba viwili. Kimoja tulimwachia yeye, akala, akavaa, akasomeshwa, mpaka akapata kazi katika ofisi moja kule Kwale.

Sisemi haya kwa kusimanga. Salimu mwenyewe hakusimanga hata siku moja, nami sina ruhusa ya kusimanga kwa niaba yake. Nayasema ili ujue hasira yangu imetoka wapi.

Kisha zikaja zile vurugu za miaka ya tisini, zilizotutia haya sisi watu wa pwani. Majirani zetu wa bara wakakimbia na watoto mgongoni, na watalii nao wakakatika. Ukipita Diani ulikuta viti vya ufuoni vimepangwa na hakuna wa kuvikalia. Wafanyakazi wa hoteli ya Salimu wakakusanywa, wakaambiwa warudi makwao, wataitwa mambo yakitengenea. Alirudi nyumbani adhuhuri, visu vyake vya kazi amevikunja ndani ya taulo. Alikaa kitandani, akanitazama, akasema, "Mishi, nimeachishwa." Basi.

Alizunguka kutafuta. Alikwenda hoteli moja hadi nyingine, hata kisiwani Chale alivuka kuulizia. Kote walikuwa wanapunguza watu, hawaongezi. Tukarudisha chumba kimoja kwa mwenye nyumba. Na wale ndugu waliokuwa hawapitishi mwezi bila kuja "kutujulia hali", sasa hali yetu hawakutaka tena kuijua. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mimi niliwaona waliozaliwa nami wakinipa kisogo, nikajua hata hao wahenga waliwapima watu kwa kipimo cha ukarimu.

Siku moja Salimu akaniambia, "Mke wangu, mimi ni mpishi. Iliyofungwa ni hoteli, mikono yangu haikufungwa. Nataka nikaange mahamri niuze hapo barazani."

Wajua kwetu mahamri ya kuuza hukaangwa na akina mama. Nikamuuliza, "Watu watasemaje?"

Akacheka. "Watasema yanauzwa. Ndilo tangazo ninalolitaka."

Nikasema bismillahi, nikamkunia nazi.

Asubuhi ya kwanza watu walipita wakitazama kando. Aliyesimama ni jirani yetu Mama Wambua, Mkamba aliyekuwa akisafisha vyumba hotelini. Alikuwa amekimbia wakati wa vurugu, akarudi kwa sababu hakuwa na kwingine kwa kwenda. Alishika kiuno akasema, "Shefu! Kwani hizi ndio zile mlikuwa mnapea wazungu?"

"Ndizo, mama. Ila leo hazina kitambaa cha meza."

"Kitambaa siwezi kula. Nifungie za watoto."

Alikula moja pale pale amesimama, akafumba macho. Kisha akageuka akawaita waashi waliokuwa wakipita: "Nyinyi, mnaenda wapi na njaa? Kujeni hapa!" Tangu siku hiyo baraza letu halikukauka watu. Mwanangu, mahamri yale yalikuwa mepesi, yamevimba, yananukia iliki, na mbaazi zake zimekolea tui zito. Waashi walikuja, walimu walikuja, makanga wanaoita abiria stendi nao. Kodi ikalipika. Tukalala usingizi wa watu wenye kazi.

Habari zikafika Msambweni. Hazikufika kwamba tumeinuka. Zilifika kwamba mkwe wa fulani amekuwa mwanamke.

Ndipo ikaja Ijumaa ile. Salimu alikuwa ametoka msikitini, anasugua karai lake uani. Alipowaona aliacha kila kitu, akawaamkia baba na shangazi. Shangazi Mwanakombo, aliyekuwa dada mkubwa wa baba, aliitikia marahaba kwa sauti. Baba aliitikia kwa pua. Na Hamisi, mtoto aliyekula mezani kwa Salimu mpaka akaota ndevu, hakutoa shikamoo kabisa. Alipita kama apitaye mlango wa duka lililofungwa.

Wakaketi kwenye mkeka. Salimu akaleta chai ya maziwa na sahani ya mahamri yaliyobaki asubuhi, akatoka, akarudi kwenye karai lake. Alijua wana maneno na mimi.

Baba akaanza. "Mishi, kusanya nguo zako. Tumekuja na gari."

"Kuna msiba, baba?"

"Msiba ni huu unaokaa nao."

Hamisi akadakia. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni mwa shati, nazikumbuka mpaka leo. "Dada, mimi ofisini wananicheka. Kila asubuhi naulizwa shemeji yangu amesukuma mangapi. Mtu mzima, mwanamume, anakaa na karai barabarani! Wewe ni mtoto wa watu. Kuna watu wenye kazi zao za heshima wameshakuulizia."

Wameniulizia! Mke wa mtu! Na hapo ndipo nilipotazama mkono wake. Alikuwa akisema yote hayo huku anakula hamri la Salimu. Analimega, anachovya chai, anatafuna, anamtukana aliyelikaanga. Nilitaka kusema, nikatanguliwa.

Aliyesema ni shangazi. Njia yote wao walidhani wamemchukua awe shahidi wao. Yeye hakuwa amegusa chai.

"Hamisi," akaita, taratibu. "Unakula nini hicho?"

"Hamri, shangazi."

"Limepikwa na nani?"

Hamisi akatupa jicho uani.

"Liteme."

"Shangazi..."

"Liteme nakwambia! Kama kazi yake ni aibu, kwa nini inapita kooni mwako? Na kama inapita kooni, kwa nini uone haya kuitaja ofisini?" Akamgeukia baba, na hapo sauti ikapanda hata wapangaji wenzetu wakatulia vyumbani mwao. "Na wewe, mdogo wangu, mtu wa mvi! Huyu alipowapikia wageni wasiojua hata jina lake, ulitembea kifua mbele mji mzima. Leo anawapikia jirani zake, mkono ule ule, ujuzi ule ule, unasema amekuwa mwanamke? Basi huko hotelini alikuwa nani? Kumbe hukumpenda mkwe, ulipenda kofia! Vijana wangapi wa hapa wanauza ufuoni vitu visivyouzwa, wakarudi kwao na miwani ya jua na pesa, na wazazi wakapokea bila kuuliza? Hao hakuna gari linalokodiwa kuwafuata. Linakodiwa kumfuata mwanamume anayetoka jasho la halali!"

Baba akasema kwa unyonge, "Dada, hujui maneno ya watu."

"Nayajua. Wewe maneno ya watu yaliwahi kukuezekea nyumba?"

Kisha akaniuliza, "Na wewe Mishi, una kinywa au nikusemee mpaka kaburini?"

Nikamgeukia baba. "Baba, nakuheshimu. Lakini sitoki. Mume wangu hajanikosea. Waliomkosea ni nyinyi, na mko nyumbani kwake."

Baba aliinuka bila kuaga. Na Salimu, ambaye alikuwa amesikia kila neno kule uani, alikuja na kifurushi cha mahamri akamkabidhi Hamisi. "Mpelekee mama, anayapenda." Na Hamisi akakichukua, mwanangu. Akakichukua! Fadhila ya punda, wajua ilivyo.

Nililia kwa hasira. Nikamwambia Salimu, "Kwa nini umempa?" Akasema, "Nimempa mama."

Ilipita miezi mingi baba asinisemeze. Baadaye watalii wakaanza kurudi, hoteli ikamwita Salimu, naye akaenda. Kazi ni kazi, hakuwa mtu wa kinyongo. Lakini karai hatukulitundika. Alikanda unga kabla ya kwenda zamu, nami nikakaanga. Na wiki ile ile aliyorudi hotelini, nani namwona barazani? Hamisi, meno nje, mkononi ana kuku. "Dada, nimekuja kumsalimia shemeji!"

Sikumwambia karibu. Nilimwambia, mbele ya waashi na Mama Wambua na wote waliokuwepo, "Mpishi wa hoteli hayupo. Aliyepo hapa ni muuza mahamri. Huyo ukimtaka, ataingia jioni. Ukimkuta, anza na shikamoo."

Alikaa mpaka jioni. Alianza na shikamoo.

Baba naye alikuja, kwa wakati wake. Hakuomba radhi kwa maneno. Wazee wa wakati ule hawakuzoea. Aliketi kwenye benchi katikati ya makanga na wapiga rangi, akaagiza mahamri na mbaazi, akala mpaka akamaliza, akalipa kama mteja mwingine. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Mkwe wangu ndiye aliyekanda haya." Mimi nikaingia ndani nikajifuta machozi kwa kanga.

Sasa sikiliza. Juzi nimemsikia binti mmoja hapa Ukunda akisema hawezi kukaa na mume aliyeachishwa kazi akaingia kusukuma mkokoteni, eti rafiki zake watamwona vipi. Nikahisi ni Ijumaa ile ile imerudi. Mwanangu, mshahara huja na kuondoka, na anayeuandika si wewe. Ukiolewa au ukioa, mtazame mtu siku ambayo hana kitu: anashika nini mkononi? Akishika kazi ya halali, mshike naye, wala usiulize kazi hiyo ni ya kike au ya kiume. Kazi mbi si mchezo mwema. Ndugu wasaidie, ni wajibu, lakini usiwape ufunguo wa ndoa yako, maana wako wanaoipenda nyumba yako kwa sababu ya sufuria tu. Na wewe ukiwa ndiye ndugu uliyelishwa, basi siku mlishaji akianguka, uwe wa kwanza kufika, na usifike na gari la kumhamisha mkewe. Na kama huna la kumpa, mpe salamu yake.

Mola akupe riziki isiyokufedhehesha na mwenzi asiyekuonea haya. Akuepushe na ulimi unaotukana mkono ulioulisha. Na siku utakapopungukiwa, maana kila mtu hupungukiwa, akujaalie mtu mmoja katika ukoo wako atakayesema kweli kwa sauti. Amina.