Siku Bafu la goli letu lilijazwa udongo wa bucha, nami nikaruka tena

Wakuu, niaje. Wale wa Tanzania shikamooni, najua nyinyi hupenda heshima.

Kabla sijaanza, jueni hii si story ya kutunga. Mashahidi ninao wawili. Wa kwanza ni kovu kwa nyonga yangu ya kulia. Wa pili ni jezi ambayo mathe, mama yangu, amesema isiingie kwa nyumba yake mpaka nimalize Form Four.

Sasa niko Form Three. Hesabu mwenyewe.

Mimi ni kipa. Timu yetu iko Eastlands, Nairobi, na estate sitaitaja kwa sababu kocha ako humu jukwaani na anajifanya hayuko. Kocha Wafula, habari ya jioni.

Wacha niwaeleze uwanja wetu kwanza, ndio muelewe kilichotokea.

Ukisikia "home ground" usifikirie nyasi. Nyasi ya mwisho iliondoka na mbuzi kabla nizaliwe. Yetu ni murram, ule udongo mwekundu wa kokoto, mawe, na vigae vya chupa. Uwanja wenyewe umeinama. Ukipiga mpira vibaya kutoka upande wa juu, unaufuata mpaka kwa kinyozi, na kinyozi harudishi mpaka amalize kichwa anachonyoa.

Katikati kuna njia ya mguu ya kwenda stage ya matatu. Mama mboga akiwa na gunia lake la sukuma wiki hawezi kuzunguka ati kwa sababu kuna mechi. Refa anapuliza, mama anapita, anasalimia, tunaendelea. Siku moja mpira uligonga gunia ukaingia goli. Tulibishana mpaka mama mwenyewe akasema ni bao.

Lakini baba wa shida zote ni Bafu.

Bafu ni shimo mbele ya goli la upande wa chini. Makipa wa miaka yote wamesimama hapo wakichimba na visigino bila kujua wanachimba. Mvua ikinyesha linajaa, na bata wa Mama Atieno wanakuja kuoga, familia nzima, na watoto nyuma kwa laini. Jua likiwaka maji yanaisha, linabaki shimo kavu la kumeza mguu mpaka karibu na goti.

Sasa siri yangu, wakuu. Sijawahi kuambia mtu.

Mtaani naitwa Simiti. Mafans wanadhani ni kwa sababu mimi ni ukuta. Ukweli ni kwamba mimi huwa siruki. Niliruka mara moja tu maishani, nikiwa darasa la sita, na murram ikachukua ngozi yote ya nyonga. Kidonda kilioza kidogo. Wiki mbili nilikaa darasani na tako moja, mwalimu akadhani namwonyesha madharau.

Tangu hapo, mpira ukienda kona mimi naupungia mkono. Safari njema.

Mbona basi sikufungwa sana? Bafu. Striker anakuja mbio, anaangalia goli, haangalii chini. Mguu unaingia, anaanguka kama gunia, mimi naokota mpira na sura ya mtu aliyefanya kazi. Bafu ndio alikuwa beki wangu bora, na hakuwahi kuomba maji.

Sasa twende kwa mambo yenyewe.

Ilibaki mechi moja ligi iishe. Tukipata hata sare, tunabaki. Tukipoteza, tunashuka daraja. Na tulikuwa tunacheza na vijana wa ile estate inaitwa Tena, nyumbani kwetu.

Jumamosi, wiki moja kabla ya mechi, akaja kamishna wa ligi kukagua uwanja. Mzee mfupi, raba nyeupe pe, futi ya kupimia mkononi. Alitembea akiandika. Akafika golini, akirudi nyuma kinyumenyume ili apime.

Mtu angemwambia. Hakuna aliyemwambia.

Alizama na mguu mmoja, na mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Bata wakapiga kelele. Yeye hakupiga. Alitoa mguu polepole, raba moja nyeupe na nyingine rangi ya chai, akauliza, "Hapa mnacheza mpira ama mnafuga?"

Kocha Wafula, ambaye hufanya shift kwa kiwanda huko Industrial Area na alikuwa bado na ovaroli, akasema, "Mkubwa, tutarekebisha."

"Ijumaa jioni narudi. Shimo hili nikilipata, mechi inaenda Tena."

Wakuu, hamwezi jua hiyo ni hukumu ya aina gani. Uwanja wa vijana wa Tena uko sawa. Mpira ukiupiga unaenda pale umeupiga. Sisi hatujazoea vitu kama hivyo. Tulienda huko msimu uliopita tukafungwa nne, na winga wetu alikuwa anaruka mashimo ambayo hayapo.

Kamishna alipoondoka, kocha akaniangalia.

"Simiti, hili shimo ni la nani?"

"La klabu, coach."

"Nani hulala hapo?"

"Mimi, coach."

"Basi wewe ndio utalizika."

Nilitaka kulia. Mtu anaambiwa azike beki wake kwa mikono yake, wiki ya mechi ya mwisho.

Nikamwita Kioko. Kioko ni namba tano wetu, jirani yangu, na babake ni mchongaji wa vinyago, kwa hivyo wana mkokoteni wa kubebea magogo. Mkokoteni tulikuwa nao. Udongo ndio hatukuwa nao.

Nairobi udongo hauokotwi hivi hivi, kila rundo lina mwenyewe. Tulijaribu kwa mjengo mmoja, foreman akatufukuza na spirit level.

Alhamisi baada ya shule, Kioko akasema, "Manze, si nyuma ya ile bucha ya Baba Mwende kuna kilima?"

Kweli kulikuwa na kilima. Cheusi, laini, kimekauka juu vizuri. Tukamuuliza Baba Mwende kama tunaweza kuchukua kidogo.

"Kidogo?" akasema. "Chukueni yote, wanangu! Mungu awabariki nyinyi na wazazi wenu!" Na akatupatia beleshi, na mutura, ile soseji ya damu, ya kila mtu.

Hapo ndio ningeshtuka. Mtu wa Eastlands akikupatia kitu bure na beleshi juu, uliza swali. Lakini mdomo ulikuwa umejaa mutura.

Safari sita. Tukajaza Bafu, tukaruka juu yake tukiimba, tukanyunyiza murram juu ili rangi ifanane. Bata walisimama kando wakituangalia kama wapangaji waliofungiwa nyumba.

Ijumaa kamishna akaja. Safari hii na gumboots. Akabonyeza na kisigino, akabonyeza tena.

"Mmefanya vizuri. Imekuwa kama keki."

Akaweka sahihi. Mechi ni nyumbani. Kocha alinipiga mgongoni mpaka nikakohoa.

Usiku huo ikanyesha.

Jumamosi mathe ndiye alianza. Alikuwa akipika chai, akasimama, akaangalia dari, akaangalia miguu yangu, akauliza, "Wewe umekanyaga nini?"

Sikuwa nimekanyaga kitu. Harufu ilikuwa inatoka uwanjani, wakuu, na uwanja uko nyuma ya ploti tatu.

Kumbe kilima cha Baba Mwende si udongo. Ni yale majani hutolewa kwa tumbo la ng'ombe akichinjwa, ya miaka mingi, na mifupa ndani kama zabibu kwa keki. Kikiwa kikavu kimetulia. Kikinyeshewa halafu kipigwe na jua, kinaamka.

Nilipofika, goli lilikuwa linatoa mvuke. Juu ya mwamba wa goli walikuwa wamekaa marabou watatu, wale ndege wakubwa wenye upara, wametulia kama wazee wa kamati. Mbwa hata sikuhesabu.

Kocha akaniita kando. Alikuwa ameziba pua kwa hivyo alinitukana kwa sauti ya katuni. "Ni nini umeweka hapa?"

"Udongo, coach."

"Udongo wa wapi?"

"Bucha."

Aliangalia ule mvuke, akaangalia marabou. Halafu akasema, "Tutaongea Jumatatu." Kamishna alikuwa tayari amekaa kwa kiti, na kitambaa puani, hawezi kulalamika kwa sababu sahihi ni yake.

Half ya kwanza kipa wa Tena ndiye aliangukia hilo goli. Maskini. Alifunga jezi usoni kama mwizi. Kila dakika alisogea mbele kutafuta hewa, akasogea, akasogea, mpaka akawa anaongea na mabeki wake. Namba kumi wetu akamwona, akaupiga juu kutoka mbali, ukapita kichwani kwake, ukadunda mara moja ndani ya Bafu, ukavuka laini.

Moja bila. Mafans walishangilia wakiwa wameziba pua, ukisikia ni kama nyuki.

Half ya pili tukabadilisha. Bafu likawa langu.

Dakika ya kwanza tu, striker wao anakuja mbio, mimi kwa mazoea nikangoja aanguke. Hakuanguka. Hakuna shimo! Alinipita nikiwa nimesimama kama nguzo ya stima, akafunga.

Moja moja. Nikasikia fan akisema, "Huyu Simiti leo ni nini?" Nikajua siri yangu imeanza kuvuja.

Halafu namba kumi na moja wao akapiga shuti, chini, kona ya kulia. Mimi nilitaka kuupungia mkono kama kawaida. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa umezama kwa ile keki. Mwili ukaenda, mguu ukabaki, na nikaanguka mzima mzima upande wa kulia. Mpira ukanigonga kifuani ukatoka nje.

Nikalala pale nimefunga macho, nikingoja uchungu.

Uchungu haukuja.

Nikafungua jicho moja. Nikagusa nyonga. Ngozi iko. Wakuu, ilikuwa laini! Laini kuliko godoro langu, na godoro langu nimelirithi kwa broo wawili.

Kioko akakimbia kuja, akasimama hatua tatu kabla ya kunifikia. "Simiti, umeumia?"

"Hapana," nikasema. "Hebu waambie wapige tena."

Kuanzia hapo nikachizi. Niliruka kulia, nikaruka kushoto. Niliruka mipira iliyokuwa inaenda nje yenyewe. Niliruka mara moja mpira ukiwa katikati ya uwanja, refa akapuliza akidhani nimezimia. Mbwa mmoja akaingia, akachimbua mfupa mkubwa pale kwa Bafu, refa akamfukuza, marabou akamfuata mbwa, na mama mmoja akapita na gunia lake akisema, "Na nyinyi mmekuwa aje leo?"

Mimi sikuwa nasikia mtu. Miaka mitano nilikuwa nimetazama makipa kwa simu ya broo wakiruka, nikijiambia hiyo ni ya watu wengine.

Dakika ya mwisho. Namba kumi na moja tena, peke yake, karibu kabisa. Kocha amegeuka, haangalii. Akapiga juu, ile kona ya kushoto pale marabou mmoja alikuwa amebaki.

Niliruka. Si kuanguka, kuruka. Nikaona miguu yangu yote haiko chini. Kidole kimoja, hiki cha kati, kikagusa mpira, mpira ukagonga mwamba, marabou akaondoka na hasira, na mimi nikashuka uso kwanza ndani ya Bafu na mdomo wazi.

Ladha sitaeleza. Kuna watu wanakula hapa.

Refa akapuliza. Moja moja. Tumebaki kwa ligi!

Timu nzima ikanikimbilia, na timu nzima ikafunga breki mita tatu mbele yangu. Walinishangilia kutoka huko. Kocha Wafula ndiye pekee aliyekuja. Alinikumbatia na ovaroli yake, akarudi nyuma, akatapika kidogo kando ya laini, akarudi akanikumbatia tena. Jumatatu hatukuongea kitu.

Mathe alikuwa kwa laini na leso puani. Macho yalikuwa na machozi, na sitajua milele kama ni furaha au harufu. "Umecheza vizuri, baba," akasema. "Kwangu usiingie."

Nilioshwa kwa car wash. Kwa ile mashine. Walinigeuza, wakanipiga sabuni, na kijana mmoja akaniuliza kama nataka na tyre polish.

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Miaka yote nilijua mimi ni mwoga. Niliamini kabisa, mpaka nikakubali jina. Kumbe sikuwa mwoga, nilikuwa tu nacheza juu ya mawe. Ni watoto wangapi mtaani wanajiita wabaya na shida ni chini walipokanyaga?

Sasa harufu imeisha. Mvua mbili zimepita, na pale Bafu kumeota nyasi, nyasi ya ukweli, ile ng'ombe walikuwa wamekula. Ndiyo pekee uwanja mzima. Jioni nikitoka shule nakuta watoto wadogo wamepanga laini, wanaruka mmoja mmoja wakipiga kelele, na bata wa Mama Atieno wamerudi kuangalia.

Jina la Simiti limekufa. Siku hizi naitwa Matumbo, na naitika.

Jana Baba Mwende alimtumia Kioko ujumbe kwamba kuna kilima kingine. Kocha amesema tukichukue, tujaze goli la juu pia, lakini kabla ligi mpya haijaanza, na watu wa zile ploti tatu wakiwa wameambiwa mapema.

Haya, kwenu kuna nini kwa goli? Mwaga hapa chini. Wale mko na viwanja vya nyasi, someni tu, msikomenti.