Miwani ya Fundi Baridi

Nyuma ya kabati la nguo, nyumbani kwa Fundi Baridi, kulikuwa na kibao kilichogeuzwa uso ukutani. Kibao kizuri cha bati, herufi za bluu: MKAGUZI WA HEWA YA NDANI. Mumewe ndiye aliyekiandikisha, kwa furaha tu, siku mkewe alipomaliza masomo ya darasani. Alisahau kwamba mtihani wa vitendo ulikuwa bado. Mke akaenda kwenye vitendo, akafeli. Tangu hapo kibao kikawa kama mgeni aliyefika kabla wenyeji hawajaamka: kumfukuza haiwezekani, kumkaribisha mapema mno.

Jina la Fundi Baridi alipewa na wateja, kwa sababu ya kutengeneza viyoyozi. Si kwa tabia, maana kwa tabia mama huyo ni moto wa kuotea mbali. Ukimwita ofisini kwako anaingia na begi lake la vifaa, anapanda ngazi yake, anakifungua kiyoyozi huku anakisemesha kama mtoto anayekataa kuoga, na akishuka chumba kinapoa. Lakini kwa muda mrefu jambo moja lilikuwa likimkera. Watu walimwita kwenye viyoyozi vizima kabisa. Chumba baridi kama friji, na waliomo ndani vichwa vizito, macho yanawasha, wanapiga miayo mchana kweupe.

"Tuongezee baridi," walikuwa wakimwambia.

Akaongeza, na miayo ikaendelea. Ndipo akaamua kwenda kusoma, utu uzima wake na yote.

Huko akafundishwa kwamba hewa baridi si lazima iwe hewa safi. Viyoyozi vingi vya ukutani huzungusha hewa ile ile iliyomo chumbani. Watu wakijifungia, ile wanayoitoa puani hujaa, na juu yake huja vumbi, unyevu na harufu za dawa. Kipo kifaa kidogo, kinaenea kiganjani, kinachopima hewa hiyo ya puani. Namba ikipanda sana, ujue chumba hakipumui. Fundi Baridi alikipenda kifaa hicho kuliko bisibisi zake zote.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: unachagua chumba chenye watu, unapima, unaeleza kasoro na dawa yake, kisha mtahini anakuja na kifaa chake kupima pale pale. Namba zenu zikipishana sana, ndiyo kwaheri. Mara ya kwanza alichagua duka la vitabu, na namba zake zikawa juu kupita kiasi. Akasema kifaa alichopewa ni kibovu. Mkufunzi akakikagua mbele yake, akakikuta kizima.

"Mama, kifaa hakina neno," akamwambia. "Kajitazame unavyopima. Una nafasi moja imebaki. Ukiikosa, unaanza masomo upya."

Masomo upya! Na kile kibao nyumbani je?

Kwa nafasi hiyo ya mwisho akachagua saluni ya wifi yake, dada wa mumewe. Chumba kirefu, vioo upande mmoja, mlango wa kioo mbele, na dirisha moja nyuma lililopigiliwa msumari. Asubuhi hiyo viti vyote vilikuwa na watu. Huyu anasukwa, yule kichwa kimejaa rola, na harufu ya dawa ya nywele imekaa pale kama mwenye nyumba.

"Wifi, nimekuja kukupimia," akasema Fundi Baridi.

"Unipimie nini? Mimi mzima. Kampime kaka yangu, ndiye anayekonda tangu akuoe."

Wateja wakacheka. Fundi Baridi naye akacheka, akakiweka kifaa kwenye rafu chini ya kioo, akasubiri. Akainama kukisoma. Namba juu! Akasogea, akasubiri tena, akainama. Juu zaidi. Akakipeleka mlangoni, akaufungua mlango wazi kabisa, akainama. Hata pale namba ikapanda. Ilikuwa vile vile kama kwenye duka la vitabu, na mlangoni hakuna hewa mbaya kiasi hicho.

"Wifi," akasema mwenye saluni, kitana kikiwa hewani, "samahani nikuulize. Hicho kidude unakisoma au unakibusu?"

Saluni ikaangua kicheko. Fundi Baridi peke yake hakucheka. Alibaki ameinama vile vile, pua yake karibu kabisa na kifaa. Somo la kwanza kabisa darasani, kabla hata ya kuonyeshwa kitufe cha kuwashia: simama mbali, usikipumulie. Alilijua. Angeweza kumfundisha mtu. Ila vitarakimu vile ni vidogo, na bila kuinama havioni.

Akajiinua taratibu. Akafungua begi, akachimba chini ya koleo na mikanda ya kufungia, akatoa kifuko cheusi. Miwani. Daktari wa macho alimpa mwaka uliopita, na mpaka siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kuiona, hata mumewe. Itanizeesha, alikuwa akijiambia.

Akaivaa. Wifi yake akashusha kitana.

"Loh! Mwalimu mkuu kaingia! Jamani, chomekeni mashati!"

Fundi Baridi alitaka kuivua. Mkono ulishafika sikioni. Akauzuia. Akakirudisha kifaa kwenye rafu, akarudi nyuma hadi kwenye kiti cha kusubiria, akakaa. Watu wakaendelea na soga zao. Baadaye akatupa macho kutoka pale pale alipoketi. Namba ilikuwa imeshuka sana kutoka ile ya kwanza, ingawa bado ilikuwa mbaya.

"Hii ndiyo ya kwako kweli, wifi. Ile nyingine ilikuwa yangu," akasema. "Sasa zamu yako. Dirisha."

"Dirisha hilo halifunguki. Fundi cherehani anakaa kichochoroni hapo nyuma, na masikio yake ni masahani. Siri za wateja wangu nitaziweka wapi?"

Mama wa rola akageuza shingo kwa uangalifu. "Siri zenyewe tunazisikia kwake kabla hatujafika hapa."

Wifi mtu akawatazama wateja mmoja mmoja. Hakuna aliyemtetea.

"Haya," akasema. "Nafungua. Lakini na wewe hiyo miwani huivui. Unaenda nayo mpaka nyumbani, mpaka mezani, kaka yangu akuone."

Wakapeana mikono. Fundi Baridi akatoa koleo, msumari ukalia, ukatoka. Wifi akautupa kwenye droo ya vibanio. Upepo ukaingia, na mama wa rola akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vinavyombana.

Jioni, mezani, mume aliinua macho kutoka kwenye sahani.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa daktari. Mwaka jana."

"Kwa hiyo sasa unaniona vizuri?"

"Nakuona."

"Na hujakimbia?"

Akamrushia kitambaa cha mkono, na habari ya kuzeeka ikaishia hapo.

Siku ya mtihani saluni ilifurika. Wifi aliwaita wateja kama anayeita watu uwanjani, na mume naye akajibanza kwenye kona. Mtahini alikuwa bwana wa maneno machache. Akaweka kifaa chake kando ya kile cha Fundi Baridi, kwenye rafu, usawa wa pua ya mtu aliyeketi, mbali na dirisha. Wakarudi nyuma kusubiri.

Kusubiri kule! Miwani inateleza kwa jasho, na mwili wa Fundi Baridi wenyewe, bila kuagizwa, ukaanza kuinama kuelekea rafuni.

"Ehem!" Wifi akakohoa kikohozi cha uongo.

Fundi Baridi akanyooka kama askari, akafunga mikono mgongoni.

Mtahini akasoma kimoja, akasoma cha pili. Namba hazikuwa sawa, lakini zilifanana kama ndugu.

"Safari ile zilipishana sana," akasema. "Kibovu kilikuwa nini?"

"Mimi. Nilikuwa nakipumulia."

Kwa mbali kama bwana yule alitabasamu. "Umefaulu, mama. Na dirisha lile lisifungwe tena."

"Libaki wazi, mheshimiwa!" sauti ya fundi cherehani ikaja kutoka kichochoroni. "Hata huku tunafaidi!"

Vigelegele vilivyofuata vilimfanya mtahini akusanye vitu vyake haraka. Mume alikwishatoka mbio, na aliporudi alikuwa amekumbatia kile kibao.

"Kitundike hapa kwangu, mlangoni," akasema wifi. "Nyumbani kwenu nani anapita?" Akafungua droo ya vibanio, akatafuta kidogo, akampa kaka yake msumari wa dirishani.

Mume akapanda ngazi ya mkewe, akagonga, akatundika.

"Kimenyooka?"

Fundi Baridi alivuka barabara mpaka upande wa pili. Akaisukuma miwani puani, akakisoma kutoka kule kule mbali, neno kwa neno, bila haraka.

"Inua kushoto kidogo," akasema.