Nilimwangusha Ndugu Yangu Kama Fahali

Nimekosa! Sina kisingizio, wala sitaki kuonewa huruma. Ndugu yangu mdogo hawezi kukunja goti lake la kulia, na aliyemharibu ni mimi, kwa mikono hii hii ninayoandikia.

Mimi ni mtu wa ng'ombe, hapa upande wa Garsen. Zaidi ya hayo nilikuwa mkandaji wa timu yetu ya mpira. Mchezaji akibanwa na misuli, namlaza kwenye nyasi, nampaka samli ya moto, namminya mpaka anatukana. Akiinuka, anakimbia. Watu walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Ndugu yangu, nimwite Guyo, alikuwa winga. Siku tulipocheza na vijana wa Chewele, beki mmoja alimkanyaga, goti likazunguka. Niliingia uwanjani na fimbo, nikampasua yule beki kichwa. Damu! Mechi ikavunjikia hapo. Ndivyo nilivyokuwa mimi, kitu kikiniuma napiga.

Tukampeleka Guyo hospitali. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo alilishika goti taratibu, akaniambia, "Kaka, kukanda ni kwa misuli iliyochoka. Humu ndani kuna kano imechanika. Asikandwe, asivutwe. Awe anakuja hapa, tutamfanyisha mazoezi pole pole."

Akaanza naye palepale. Kaza paja, legeza. Nyanyua mguu, shusha.

Nikacheka. Fainali ilikuwa inakaribia, na huyu anachezesha mguu kitandani! "Kwani ng'ombe akiteguka hupewa kitanda?" nikamuuliza. Nikamtupa Guyo begani. Dada aliponizuia mlangoni, nilimsukuma akaangukia meza. Mlinzi akaja mbio, nikampiga ngumi ya mdomo. Astaghfirullah!

Nyumbani nilimfanyia Guyo kama tunavyomfanyia fahali. Nilimfunga kamba miguuni, binamu yangu mmoja akamkalia kifuani, mwingine akabana paja. Nikamwagia samli, nikavuta.

"Kaka, nakuomba! Kaka, niache!"

Akaniuma mkono. Nikamzaba kofi, nikavuta tena na kuzungusha. Goti likalia, ka!

Kwetu mlio ule ndio unaongojewa. Ng'ombe akiteguka, ukisikia mfupa umelia, basi umerudi mahali pake. Tukashangilia! Watu wazima watatu tunashangilia, na mwenye goti amezimia.

Asubuhi goti lilikuwa limevimba kama kibuyu. Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Ng'ombe aliyerudishwa mfupa haachwi alale, maana akizoea kulala hufa. Huchapwa mpaka asimame. Basi nikachukua fimbo ileile ya uwanjani.

"Simama!"

Akasimama, akaanguka. Nikamchapa mgongoni. Akajikokota akishika ukuta, akaangukia goti lilelile, akapiga yowe ambalo bado ninalo masikioni. Nikamchapa tena. Nilikuwa naogopa, wallahi, na hofu yangu yote nikaimalizia kwenye mgongo wake. Mama akaja akaikamata fimbo kwa mikono miwili.

"Huyo si ng'ombe! Huyo ni ndugu yako, wewe shetani!"

Nikaiachia.

Mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Mto ukafurika, barabara ikakatika, na Guyo akalala na homa ndani ya nyumba mpaka tulipopata mtumbwi wa kutuvusha. Dada yule yule ndiye aliyetupokea. Alimtazama Guyo, mimi hakunitazama.

"Mguu utabaki, hautakatwa," akasema. "Lakini kukunja, hautakunja tena."

Rafiki yangu, mchungaji asiyekunja goti ni mchungaji gani? Malisho yakiisha huku, ng'ombe tunawapeleka mbali, hata Nanighi. Sasa naenda bila yeye. Guyo aliyekuwa akitushinda wote mbio anabaki nyumbani na ndama. Mchumba aliyekuwa anamngoja ameshaolewa kwingine. Na hakuna mtu aliyenishtaki! Afadhali wangenishtaki.

Majuzi nilimpelekea ile fimbo. Nikapiga magoti mbele yake.

"Nipige," nikamwambia. "Nipige mpaka uchoke."

Akaipokea, akaitazama sana. Kisha akaikita chini, akaiegemea, akainuka.

"Inuka, kaka. Mimi nilikuwa nataka fimbo ya kutembelea."

Akaenda zake kwa ndama. Tangu siku hiyo kila asubuhi naisikia ikigonga nje ya mlango wangu.

Ninyi mnaojiita wakandaji, nawaomba! Mguu uliochoka ukandeni, mtapata thawabu. Ulioumia ndani upelekeni kwa watu wa mazoezi, hata kama mnaona wanafanya mchezo wa watoto. Na mgonjwa akikwambia niache, mwache hapo hapo. Ng'ombe hawezi kusema. Ndugu yangu alisema, na mimi nilimsikia.