Sinema za Njoroge Sebuleni Kwangu

Mimi niliacha shule darasa la tatu, na nyumba yangu hapa Bahati nimeijenga kwa kuuza viazi. Kwa hivyo wivu ulinikaba jirani yangu Njoroge alipoingiza DVD zake zote ndani ya kompyuta na kuiunganisha na televisheni. Anabonyeza rimoti tu, sinema inatokea. Wageni walimsifu mpaka nikakosa hamu ya chakula.

Nikamtafuta fundi aliyemfanyia kazi hiyo. "Niwekee kama ya Njoroge, na usipunguze kitu."

Jumapili baada ya kanisa nikaalika wazee, na Njoroge nikamkalisha mbele kabisa aumie vizuri.

"Hizi sinema nimenunua moja moja kule mjini," nikawaambia. "Sijaomba mtu."

"Hongera, mzee," Njoroge akasema. "Hebu tuone."

Kusoma majina kwa skrini ni shida kwangu, nikabonyeza ya kwanza. Ikatokea sebule ninayoijua. Ilikuwa kwa Njoroge, siku ya ubatizo wa mjukuu wake. Kumbe fundi alinakili kila kitu kutoka kompyuta ya Njoroge, hata video za familia yake. Nikatafuta kitufe cha kuzima, nikaongeza sauti.

Kamera ikapita wageni wakiimba, ikanifikia. Nimewapa watu mgongo, sahani imejaa, nimeinamia kompyuta ya Njoroge nikiipapasa kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

Mke wangu ndiye alicheka kwanza.

"Na hii, mzee," Njoroge akauliza polepole, "ulinunua duka gani?"