Kiti cha Niki

Harufu ya betri zilizoanikwa juani ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nafua nepi uani kwangu Iguguno, betri nne nimezipanga juu ya bati la banda la kuku zipate nguvu kidogo, shemeji yangu akaingia na kusema kaka yake amemtuma redio.

Kaka yake ndiye mume wangu. Aliondoka wakati wa kuvuna alizeti, bila ugomvi wala kwaheri, na tangu hapo hajakanyaga. Anatuma mtu. Lilifuatwa koti, ikafuatwa baiskeli, vikafuatwa viatu vya harusi. Sasa redio.

"Shemeji, usinikasirikie, mimi nimetumwa tu," alisema, huku anakusanya zile betri na kuzirusharusha viganjani kama viazi vya moto.

Nikanyanyuka na povu mikononi, nikaichukua redio kibarazani, nikaiweka chini, nikaikalia. "Mwambie kaka yako aje aitoe mwenyewe hapa nilipokaa."

Mimi sikuwa na nguvu hata ya kulia. Ila ile harufu, chuma cha moto na vumbi, ilinichukua ikanirudisha Kiomboi, kwa babu yangu mzaa baba, kwenye kikao ambacho mpaka leo nikikisimulia watu wanadhani natunga.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za kunukia, mitumba ikamwagwa mnadani, na kwetu akaja Mwingereza. Alifundisha hesabu sekondari, akapanga chumba cha uani kwa Babu. Tulimwita Mwalimu Kolini. Sisi ndio tuliomfundisha kuanika betri, maana redio yake ilizila kama mchwa, na yote hayo kwa ajili ya kaseti moja tu.

Kaseti yenyewe ilikuwa ya bendi yake. Kwenye jalada walisimama vijana wanne weupe pe, macho wamepaka wanja, nywele zimesimama kama kishungi cha kanga. Kinanda alipiga yeye, kikilia kama mashine ya kusaga inayojifunza kuimba. Mwimbaji, rafiki yake Niki, alitamka maneno kama mtu anayesoma matangazo ya msiba. Huo ndio ulikuwa muziki mpya kwao wakati huo, alituambia. Sisi watoto tuliupenda kwa sababu ulitutisha kidogo.

Historia ya bendi Mwalimu alitusimulia jioni tukipukuchua mahindi, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Walianzia stoo ya mama yake Niki, katika mji wa viwanda vilivyofungwa. Kinanda alikinunua kwa kuuza pikipiki. Wakapiga kwenye baa ambazo watu waliwapa mgongo, kisha wimbo mmoja ukapigwa redioni, na kwa muda mfupi hata muuza magazeti aliwasalimia kwa majina. Halafu Jumamosi moja Niki hakuja mazoezini. Akamtuma dada yake kuchukua maikrofoni. Baadaye akamtuma spika. Bendi ikaishia hapo, haikuona hata mwaka wa tatu.

Babu aliacha kupukuchua. "Mlikaa lini?"

"Kukaa?"

"Kikao. Mliketi lini mkaambiana?"

"Hatukukaa, Babu."

Babu alimtazama kama mtu aliyekiri kwamba kwao maiti huzikwa bila kuoshwa. "Hata kwaya ya hapa kanisani," alisema, "mtu wa sauti ya nne akitaka kuhama, anasimama, anasema. Hamuwezi kuwa mmeachana. Mmepotezana tu."

Basi Jumapili baada ya ibada kikao kikakaa. Babu, Bibi, Baba Mkubwa Yona na wazee wawili wa kwaya. Mwalimu Kolini akapewa kigoda, na mbele yake kikawekwa kigoda cha Niki, kitupu, juu yake ile kaseti ili Niki naye awe na uso. Babu aliomba, kisha akaikabili kaseti. "Niki, una la kusema?" Wakamsubiri kwa adabu zote. Sisi watoto tuliuma kola za magauni ili tusicheke.

Aliyeharibu mambo ni Bibi. "Kwao Niki ni mbali?"

"Mitaa miwili."

"Ulikwenda?"

"Hapana."

"Na dada yake alipokuja kuchukua hicho chombo, hukumuuliza kaka yake ana nini?"

Mwalimu Kolini aliangalia viatu vyake. "Nilimsaidia kubeba."

"Alimsaidia kubeba!" Baba Mkubwa Yona alijipiga paja. "Mwanamume mzima!"

Mzungu akaanza kulia. Tulikimbia nyuma ya nyumba kwenda kucheka vizuri. Niki alitozwa mbuzi, ambaye hajaletwa mpaka leo. Mwalimu Kolini alitozwa jogoo, tukamla siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe alikula kuliko wote.

Nilidhani amelia kwa aibu. Nilikuwa na akili za mtoto. Miaka yote ile alikuwa ameibeba bendi iliyokufa, anaianikia betri, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Jambo lisilokaliwa haliishi. Linatolewa nyumbani kipande kimoja kimoja, na wewe unashika upande wa pili. Koti la mume wangu nililikunja mwenyewe. Baiskeli niliijaza upepo.

Nikainuka, nikamfunga mtoto mgongoni, redio nikaikumbatia, nikaenda ofisi ya kijiji. Shemeji alinifuata nyuma na betri zake.

"Shikamoo," nilimwambia mtendaji.

"Marahaba. Mumeo kakupiga?"

"Hajanipiga."

"Sasa mama, shauri liko wapi?"

Nikamwomba karatasi. Kidato cha nne nilimaliza, siandikiwi na mtu. Niliandika hivi:

"Mimi, Mama Neema, mkazi wa kijiji hiki, namlalamikia mume wangu kwa kuondoka vipande vipande. Naomba aitwe, akae kwenye kiti mbele ya wazee wa pande zote mbili, aseme kwa mdomo wake kama ameniacha, na mtoto wake atakula nini. Asitume mtu. Redio ninayo mimi, na safari hii sisaidii kubeba."