Chumvi Imezidi

Kabla sijapatwa na yaliyonipata, nilikuwa hakimu. Si wa mahakamani. Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kupanga majalada, na yakipotea kuyasaka. Uhakimu wangu ulikuwa wa saa saba mchana, juu ya sahani ya wali.

Cheo hicho kiliniangukia chenyewe. Ofisi ilipohamia Dodoma, wenzangu walikuja kutoka Pwani wamenuna kama watu waliofungwa bila kosa. Wakalalamikia vumbi, wakalalamikia upepo, wakauliza samaki wabichi wanauzwa wapi kana kwamba tumewaficha chini ya kitanda. Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa. Siku ya kwanza waliponiuliza tule wapi, nikawapeleka mahali. Siku ya pili nikawapeleka kwingine. Mwezi ulipoisha, hakuna aliyekwenda kula popote kabla ya kusikia nimesema nini. Tulikuwa kumi na wawili, na kwa mama lishe yeyote wateja kumi na wawili wa kila siku si mchezo.

Na mdomo nilikuwa nao, sikatai. Kulikuwa na hoteli moja, na nikisema hoteli nina maana ya viti sita vya plastiki na kalenda ya mwaka juzi, iliyotuandalia pilau la rangi nzuri ajabu. Nilikula vijiko vitatu nikiitafuta bizari, nikaikosa. Nikawaambia wenzangu wali huu haukupikwa, umepakwa rangi. Pale karibu na stendi tulikunywa supu ya mbuzi. Nikasema mbuzi huyu alipita tu karibu na sufuria, akasalimia, akaenda zake. Mahali pengine walituletea kadi ya vyakula iliyopigwa plastiki, ina kuku, ina samaki, ina biriani. Kuku? Ameisha. Samaki? Wameisha. Biriani? Ni ya Ijumaa. Kuna nini basi? Maharage. Nikamuuliza mhudumu kadi ile ni ya chakula au ni ya mashairi. Wenzangu walicheka mpaka dereva wetu akapaliwa. Yule mhudumu hakucheka, lakini nani alikuwa anamwangalia mhudumu?

Kipimo changu kikubwa kilikuwa maharage. Nyama inaweza kumwokoa mpishi mbovu, maharage hayamwokoi mtu. Nilikuwa naonja kijiko kimoja, nafumba macho, nakaa kimya kidogo ili wateseke, kisha natoa hukumu. Nikikumbuka sasa nilivyokuwa nafumba yale macho, natamani kujizaba kofi.

Mwezi wa nane, upepo wa huku ukiwa kwenye hasira zake, nikashikwa na mafua. Yalikaa siku tisa. Yalipoondoka yaliondoka na pua yangu na ulimi wangu. Chai ikawa maji ya moto. Kitunguu kibichi nikakitafuna kama karatasi, wala chozi halikunitoka. Zahanati wakaniambia hali hiyo huwapata watu, itarudi, lakini hawakuwa na uhakika ni lini.

Mtu mwenye akili angewaambia wenzake jamani, sisikii ladha, nipumzisheni. Mimi nikaona haya. Karani wa masjala asiyejua kuonja ni karani wa masjala tu. Basi nikaendelea, na wiki ile ile nikalisifu kabichi moja kwa maneno marefu, nikasema limepikwa kwa utulivu. Mhasibu wetu, mama mwenye msimamo kuliko wakuu wake, akaweka kijiko chini akasema kabichi limechacha. Meza nzima ikanigeukia. Nikacheka kicheko cha uongo, nikasema nilikuwa nawapima. Wakaamini, au walijifanya kuamini, lakini jasho lilinitiririka mgongoni. Siku hiyo nikajifunza kwamba ukisifu kibovu unachekwa, ila ukiponda kizuri unaonekana mtaalamu. Nikaamua kuwa mkali.

Wa kwanza kukutana na ukali huo alikuwa mama mmoja wa Kondoa, aliyekuwa amefungua banda nyuma ya ofisi yetu juma lile. Mabati mapya, benchi mbili, ndoo ya kunawia yenye bomba, kila kitu kimesuguliwa. Alikuwa na umri wa dada yangu mkubwa au zaidi, kwa hiyo tuliingia na shikamoo zetu, akaitikia marahaba, wanangu, akatupakulia huku anazungumza. Alikuwa amefiwa na mumewe, akaja kukaa kwa binti yake aliyeolewa huku mjini. Binti hana neno, akasema, lakini mkwe ni mkwe. Mkwe akiingia sebuleni, yeye anatoka. Mkwe akila mezani, yeye anakula jikoni akiwa amegeukia ukuta. Mwanamke mzima aliyelima shamba lake miaka yote, leo anameza ugali wa mkwe kwa kujificha. Banda hili likishika, atapanga chumba chake mwenyewe, huko Msalato ambako vyumba bado vinapatikana. Lisiposhika, anarudi kwenye ukuta wake.

Aliyasema haya kwa furaha, kama mtu ambaye chumba ameshakipata.

Akaleta wali na maharage. Watu kumi na mmoja wakashika vijiko, hakuna aliyekula, wananitazama. Nikatia kijiko mdomoni. Hamna kitu. Niliona tu kwamba yale maharage ni laini, yamekolea karanga, yanapendeza machoni. Ningeweza kusema ni mazuri. Nikalikumbuka lile kabichi.

"Chumvi imezidi," nikasema.

Nilichagua chumvi kwa sababu ni shutuma isiyohitaji ushahidi. Kisha mhasibu akaonja, akakunja uso, akasema kweli, na yeye ameihisi kwenye koo. Dereva akaomba maji. Akaomba tena. Bwana mmoja wa mipango, ambaye kwao kila kitu kinakaushwa kwa chumvi, akasukuma sahani mbele akasema presha yake hairuhusu. Yule mama alisimama na upawa wake mkononi, akatutazama mmoja mmoja, akaomba radhi. Kesho yake hakuna aliyekwenda. Ofisi ya jirani, ambayo ilikuwa inatufuata sisi, nayo ikaacha kwenda. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nikichungulia dirisha la masjala nikimwona ameketi peke yake, anafukuza nzi kwenye sufuria zilizojaa. Nikafunga pazia. Ndiyo, nilifunga pazia, na nikaenda kula kwingine.

Siku moja alinikuta getini. Sikuwa na pa kukimbilia, nikamwamkia. Akaniita kwa upole niende nionje tena. Amenisikia, amejirekebisha, na anataka aambiwe ukweli na mwenye kuujua. Nilikwenda nikiwa na aibu, lakini pia, Mungu anisamehe, nikiwa na furaha kidogo. Nilisema moyoni leo nitamsifu, wenzangu watarudi, na dhambi yangu itafutika bila mtu kujua.

Akaniwekea sahani ya maharage peke yake. Nikaonja. Nikafumba macho, loo, hata siku hiyo nilifumba macho. Nikamwambia sasa hapo, mama, chumvi imekaa mahali pake.

Akafuta mikono kwenye kanga, akaketi benchi ya pili, tukawa tunatazamana.

"Hayo sikuweka chumvi," akasema. "Hata punje."

Nilisikia masikio yanawaka moto. Nikadhani ataniangushia matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Badala yake aliuliza swali moja tu: "Imeanza lini, mwanangu?"

Nikamweleza yote, mafua, zahanati, kabichi. Alisikiliza bila kucheka. Nilipomaliza akasema kwamba jana yake binti yake alimwambia asijisumbue kuamka alfajiri kupika, apumzike tu nyumbani, mkwe hana neno. Hana neno! Alilirudia neno hilo mara mbili akiangalia sufuria zake, na hapo ndipo nilipojiona mtu mbaya, mbaya kabisa. Kisha akanipa hukumu yangu. Kwanza niende nikaseme ukweli kwa wenzangu. Pili, nitakula kwake kila siku, tena kwenye benchi ya mbele, inayoonekana kutoka barabarani.

Ukweli niliusema kesho yake, wakati wa chai, mbele ya wote. Niliwaambia nimepoteza ladha tangu mwezi wa nane, kwamba siku ile sikuonja chochote, nilibuni. Nilitegemea wanizomee. Mhasibu akaniangalia kwa huruma, akasema ni vizuri kuwa na moyo wa kumsaidia mama mjane, lakini chumvi ilikuwa imezidi, yeye mwenyewe aliisikia. Dereva akasema siku ile alikunywa maji mpaka jioni. Yule wa mipango akasema alipimwa presha. Nikawaambia jamani, niliisema mimi, sikuwa na ulimi! Wakasema ndiyo, lakini wao walikuwa nao. Watu wenye shahada zao, nawaambia.

Basi nikabaki na hukumu ya pili. Kila siku saa saba niliketi benchi ya mbele, nikala maharage yasiyo na ladha yoyote kwangu, jua likinipiga shingoni. Yule mama alikuwa akipita nyuma yangu na kuniuliza, kwa sauti ya kusikika barabarani, chumvi ikoje mwanangu, na mimi najibu kwa sauti kubwa vile vile kwamba iko sawa. Alikuwa ananikomoa, na alikuwa na haki. Wiki ya kwanza nilikula peke yangu. Wiki ya pili dereva akaja, kwa sababu aliona sijafa. Ya tatu akaja mhasibu, akaonja kwa ncha ya kijiko, akatikisa kichwa kwa kuridhika akasema mama amejirekebisha, chumvi ameipunguza. Yule mama akanikata jicho. Alikuwa hajapunguza hata chembe; alikuwa ameniapia kwamba anapika vile vile alivyopika siku ya kwanza.

"Ahsante, mwanangu," akamjibu mhasibu. "Niliwasikia."

Wakarudi wote, na ofisi ya jirani ikawafuata. Mwezi wa kumi na moja akapanga chumba Msalato. Dereva na mimi tulimbebea godoro, na mkwe akatuaga mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyefunguliwa pingu.

Mvua zilipoanza, bati la masjala likavuja. Asubuhi moja nilifungua kabati, na kitu kikanipiga puani: majalada yaliyolowa, yananuka kama blanketi la mgonjwa. Nilisimama nikayanusa yale makaratasi kama mwendawazimu. Nilikuwa nimerudi!

Saa saba sikusubiri mtu. Nikaketi benchi yangu, nikatia kijiko mdomoni. Kitunguu kilikuwepo. Karanga zilikuwepo, tena zilizokaangwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Na chumvi ilikuwepo. Nikaonja tena, nikidhani ulimi unanitania baada ya kulala muda mrefu. Haukuwa utani. Chumvi ilikuwa imezidi. Si sana, lakini imezidi, na pengine tangu siku ya kwanza.

Nikawatazama wenzangu waliokuwa wanaingia. Walikula, wakasifu, mhasibu akaomba nyongeza. Yule mama akaja nyuma yangu na upawa wake, akauliza swali lake la kila siku.

Nikamwambia iko sawa. Kisha nikaomba maji.

Miezi yote ile sikuwahi kuomba maji. Alinitazama kwa muda, akaingia ndani, akaniletea jagi zima.